Buti la Kushoto

Tulimleta juu ya viazi.
Fuso la Ambakisye lilikuwa limeshapakia,
na Isyonje, saa tisa ya usiku, hapakuwa na gari jingine.
Tukampandisha shangazi juu ya lumbesa kama mzigo wa mwisho,
nami nikalala ubavuni kwake kumzuia asiteleze
kwenye kona za kushukia Uyole.

Baridi ya Juni haina adabu.
Ilipenya blanketi, ikapenya vitenge viwili,
ikamkuta mdomo umekwenda upande,
mkono wa kulia mzito kama wa mtu mwingine.
Nikausugua. Nikaupulizia pumzi.
Kucha zilikuwa bado na udongo wa jana.

Mapokezi wakauliza jina.
Tupokigwe.
Wakauliza umri.
Nikasema alizaliwa mwaka wa mvua ya mawe,
ile iliyomaliza pareto yote.
Kijana akanitazama, akaandika 78.
Hivyo ndivyo shangazi yangu alivyopewa umri.

Uhusiano na mgonjwa?
Kisanduku kilikuwa kidogo.
Kisingemeza miaka kumi na mmoja ya uji,
wala yule mbuzi aliyegeuka sare ya shule,
wala kofi la siku niliyomwita mama mbele za watu
akasema mama yako yupo, amelala tu, usimnyang'anye jina.
Nikaandika: mtoto wa kaka.

Mlango ukamchukua.
Ndipo nikaona nimeshika buti.
Buti la mpira, jeusi, la kushoto.
La kulia sijui lilidondokea kona gani.

Simu zikaanza.
Kaka zangu wa Dar: mwambieni daktari afanye kila kitu.
Kila kitu kina risiti.
Nilikwenda dirishani mara sita:
glovu, dripu, mpira wa mkojo, picha ya kichwa,
na vingine viwili nilivyolipia bila kuuliza ni nini.
Binamu wa Tunduma alituma laki moja na maombi.
Binamu wa Vwawa alituma maombi.

Barazani walikuwa wamejipanga kama magunia.
Mama mmoja wa Chunya akanivuta ndani ya blanketi lake,
akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa.
Hakuniuliza jina.
Aliuliza, "Una nani ndani?"
Nikamwambia. Akaniambia wake.
Kisha akanifundisha:
wakikuita kwa kelele, usiogope, ni dawa imekwisha.
Ogopa anayekuja polepole
akakugusa bega.

Nikakaa na bega langu.
Nikalilinda usiku kucha.
Kila kandambili iliyoburuzwa sakafuni
ilikuwa inalitafuta.

"Ndugu wa Tupokigwe!"
Kwa kelele. Kwa kelele nzuri kabisa.
Nikainuka, miguu ikachelewa.

Muuguzi alikuwa mtu wa Musoma.
Kasema, tangu alfajiri anaomba kitu, hatumwelewi.
Kiharusi kilikuwa kimempora Kiswahili chote,
Kiswahili cha sokoni, cha kanisani, cha kunigombeza;
kimemwachia kile alichonyonya.
Nikainama.
*Amisi*, alisema. *Amisi.*
Maji, nikatafsiri. Na sauti yangu ikakatika
kwa neno dogo namna ile.

Hawezi kumeza bado, muuguzi akasema, atapaliwa.
Akanipa pamba iliyolowa.
Nikampitishia midomoni, upande uliolala na upande ulio macho,
yeye aliyenichotea Mungu anajua ndoo ngapi,
nami nikimlipa tone kwa tone.

Aliinyonya pamba.
Akafumba macho, nikadhani amesinzia.
Halafu jicho lake zima likafunguka,
likashuka taratibu mpaka mkononi mwangu,
likakuta buti.
Likalihesabu.
Likarudi usoni kwangu
na kusubiri nieleze
lingine liko wapi.